Kwa Moyo Gani, Mujinga?

Vumbi la Kamina halibishi hodi. Kiangazi kikifika linaingia, jekundu, laini, linakaa juu ya meza ya maskini na juu ya kofia ya bwana mkubwa wa reli, linakaa juu ya sanamu ya Bikira na juu ya mboga iliyofunikwa, wala halimwulizi mtu ametoka kijiji gani. Ulifagie asubuhi, mchana limerudi. Ulitukane, linakuingia kinywani.

Katika vumbi hilo, miaka ile Wabelgiji walipokuwa wakijenga kambi yao kubwa ya ndege, alikaa mjane mmoja jina lake Mujinga. Kila asubuhi, kabla hajashika ufagio, alijiuliza swali kwa sauti. Majirani walisikia, majirani walicheka.

"Kwa moyo gani, Mujinga?"

Wacheke tu. Anayecheka hajui mwanamke huyu aliibiwa nini, wala hajui alikataa kuibiwa nini tena.

Mume wake Florent alikuwa mtu wa reli, homa ikamchukua kabla mvua hazijakatika. Kilio kilipoisha, dada wa marehemu, Germaine, alikuja na ndugu zake na mkokoteni. Mali ya kaka inarudi kwao, walisema, ndiyo desturi. Wakabeba kitanda. Wakabeba mashine ya kushona. Wakabeba masufuria, na masufuria yale aliyachukua Jeannine, binti wa Germaine, msichana aliyekuwa amekula ndani yake tangu utoto. Mujinga hakuwa na mtoto, na mjane asiye na mtoto alikuwa nyumba isiyo na mlango. Walimwachia kinu, maana kilikuwa kizito.

Mdogo wake Kazadi alimpokea katika lupangu lake, uwanja wenye nyumba mbili na ua wa matete. Alimpa chumba, Mungu ambariki. Alimpa pia hasira, kila jioni, bure, akimwita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, usisahau bile bitu balikufanyia." Majirani nao walileta zao. Mmoja alikuja na sombe ya majani ya muhogo, mwingine na chumvi, wote na hasira, na hasira ndiyo iliyokaa bila kuharibika.

Basi Mujinga akachukia. Alichukia kwa bidii, kama mtu anayelima shamba lake mwenyewe. Akitwanga muhogo, alimtwanga Germaine. Akifagia uwanja, alimfagia Germaine. Hata kwenye misa, alipojipiga kifua kuomba toba, aliyekuwa akipigwa mle ndani ni Germaine.

Mpaka siku moja akamaliza sahani ya bukari, bukari ya unga wake, aliyoisonga kwa mikono yake, akagundua kwamba hakuonja hata tonge moja. Mdomo ulikuwa hapa, yeye alikuwa kule, kwa wifi yake, anagombana.

Alikaa na ile sahani tupu mapajani. Hasira ikampanda upya, lakini safari hii ilipanda kwa mlango mwingine. Walichukua kitanda, haya. Walichukua mashine, haya. Na sasa wananitolea hata bukari kinywani? Walinifukuza nyumbani, nami nikawapa chumba kichwani mwangu, nawalaza, nawaamsha, nazunguka nao mtoni na sokoni?

"Apana!" alisema peke yake pale uani, na kuku wakaruka. "Roho yangu haiko gare. Habatashuka hapa kila treni."

Tangu siku ile akaanza kuuliza. Akishika ufagio: kwa moyo gani? Akiinua mchi: kwa moyo gani? Akimsalimia jirani mwenye ulimi mrefu: kwa moyo gani, Mujinga, unataka ajue habari zako au unataka aumie? Moyo ukijibu vibaya, aliweka ufagio chini. Alingoja. Mara nyingine alilia kidogo, akapenga kamasi, akaanza tena.

Msidhani ilikuwa kazi nyepesi. Kuna siku uwanja ulibaki mchafu mpaka jua likawa utosini, na mke wa Kazadi akanung'unika kwamba wifi yake amepata ugonjwa wa kuongea na mifagio. Wala msidhani alikuwa mtakatifu. Watakatifu wana subira, Mujinga alikuwa na kiburi. Alikataa kutumwa. Alikataa Germaine amtume kutoka mbali, bila hata jasho, bila hata kujua.

"Moyo njo mupini," alimwambia Kazadi. "Jembe ikuwe mupya, mupini ikioza, utalima na nini?"

Kazadi alitikisa kichwa. Alipenda dada mwenye kisasi kuliko dada mwenye maswali.

Ndivyo walivyoishi, kwa kelele kidogo na uji wa kutosha, mpaka asubuhi ile ya mwezi wa nane Séraphin alipoingia uani akihema.

Séraphin alikuwa mtengeneza njia ya reli, mtu wa mabega, baba wa Gaston aliyemwoa Jeannine. Gaston mwenyewe alikuwa safarini, amekwenda na treni upande wa Bukama. Séraphin alivua kofia. Mtu wa mabega akivua kofia mbele ya mjane, ujue kuna moto.

"Mama Mujinga, tunakuya kukulomba. Jeannine iko na uchungu toka jana. Mutoto anakatala kutoka. Bantu banasema neno yako njo inamufunga."

Maana desturi ilikuwa hivi. Mtoto akigoma tumboni, watu huuliza: nani ana neno? Neno ambalo mkubwa wa ukoo amelimeza bila kulisema hufunga tumbo la mzazi kama kamba. Basi mwenye neno huitwa. Hulisema lote mbele ya watu, wala hajibiwi. Kisha huchukua maji kinywani, humpulizia mwenye uchungu tumboni, humpaka pemba kifuani, ule udongo mweupe wa baraka. Hapo kamba imefunguka.

"Kuya useme tu," alisema Séraphin. "Hata kama haiko ndani ya roho. Sema tu, tumalize."

"Sema tu," alirudia Mujinga, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi uliochacha.

Kazadi aliruka kutoka kwenye kiti chake. "Haendi! Balimuvua mupaka sufuria, leo banataka mate yake?" Akamvuta dada yake nyuma ya nyumba, na kule nyuma sauti yake ikavunjika, kwa sababu Kazadi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye woga. "Yaya, sikia. Ukienda, na ile mutoto akufe, bataita weye muloji. Na bakikuita muloji, minyi sitaweza kukulaza hapa. Niko na batoto, yaya. Bibi yangu ataogopa kulala."

"Na nisipoenda?"

Kazadi alitazama chini. "Batasema muloji vilevile."

"Alors," alisema Mujinga, "kama jina iko moja, acha minyi nichague njia."

Lakini hakuondoka papo hapo. Alisimama karibu na kinu, mikono kiunoni. Séraphin anangoja, Kazadi anaapa, jua linapanda. Kwa moyo gani, Mujinga? Akachungulia ndani, na ndani humo akaona kitu kidogo kitamu: Germaine amepiga magoti, mbele ya watu, katika vumbi. Lo, kilikuwa kitamu. Kilikuwa kama asali iliyofichwa kwa ajili ya siku hii. Alikitazama vizuri, akakijua, akakiweka chini kama alivyouweka ufagio siku nyingi. Kilikuwa kizito kuliko ufagio. Alipoona mikono imebaki mitupu, alichukua kibuyu cha maji na kipande cha pemba, akafunga kitambaa kichwani, akatoka.

"Ukipita ile mulango, yaya!" Kazadi alipiga kelele.

Akapita.

Nyumba ya Germaine ilikuwa katika kambi ya reli, matofali mekundu, mlango mdogo. Wanawake walijaa barazani. Ndani, joto na ukimya. Jeannine alilala macho nusu wazi, midomo imepasuka, na kitanda alicholala kilikuwa cha nani? Cha Mujinga. Alikijua kwa ule mguu Florent alioufunga waya. Moyo ulimruka kama samaki kwenye kikapu. Akaushika.

"Juu ya nini iko hapa?" aliuliza. "Juu ya nini hamukumupeleka maternite?"

Germaine alikuwa amekaa chini, kichwani mwa binti yake. Hakuinua uso. "Atabebwa namna gani na kamba mu tumbo? Ingekatika njiani, angekufa. Tulikungojea weye."

Walimngojea yeye. Usiku kucha walimngojea, na masista wa maternite, hospitali ya wazazi, wako upande wa pili wa reli, taa inawaka. Walikaa wakingoja mate ya mwanamke ambaye waliona haya kumwita.

"Leteni miti," alisema Mujinga. "Leteni blanketi. Fungeni kipoi."

"Useme kwanza!" alisema Séraphin. "Desturi ni hapa, karibu ya kitanda!"

"Neno yangu iko na miguu. Itatembea."

Na ikatembea. Ee Kamina, uliona! Wanaume wanne na kipoi begani, Jeannine ananing'inia katikati kama mzigo wa unga, na pembeni Mujinga, kibuyu mkononi, anakwenda mbiombio, anasema neno lake kwa sauti kwenye barabara kuu, mbele ya wauza samaki, mbele ya watu wa treni, mbele ya kuku na mbwa. Vumbi lilipanda mpaka kiunoni. Aliliacha lipande.

"Germaine! Ulichukua kitanda nililala na kaka yako. Ile njo neno. Ulichukua mashine, nikashona nguo ya matanga yangu na sindano ya mukono. Ile njo neno. Jeannine, mutoto wangu, ulibeba sufuria, hata nyuma haukuangalia. Ile njo neno, na ile iliuma kupita zote!"

Germaine alikuwa nyuma ya kipoi, analia na kutembea. Hakujibu, desturi hairuhusu.

"Na minyi nilikuchukia! Nilikutwanga mu kinu, nilikula weye na bukari. Muone wote, siko malaika. Sasa ninaitupa hapa, mu barabara. Siitupe juu mumenilomba. Siitupe juu mumetubu, hamukutubu hata kidogo! Ninaitupa juu iko yangu, na kitu yangu naweza kutupa!"

Kwenye njia panda ya reli walisimama kupisha gari la mawe. Hapo hapo, wapagazi wanahema, alijaza maji kinywani akampulizia Jeannine tumboni, akampaka pemba kifuani. Jeannine alifungua macho. "Tantine," alisema, yaani shangazi. Neno moja tu, kavu, na lilimwingia Mujinga mpaka mahali ambapo hakuna mtu alikuwa ameingia tangu Florent afe.

"Bebeni!" akapaza sauti. "Mukimbie!"

Kule maternite waliwapokea mbio. Mlango ukafungwa. Wanaume walirudi kambini, na wanawake wawili, wifi na wifi, walikaa kwenye ngazi moja mpaka kivuli cha paa kikahama kutoka magotini mwao. Halafu sista mmoja akatoka, mikono imelowa, akasema kwa Kiswahili chake cha kukunjakunja: "Mama atapona. Mutoto, apana. Mulikawia. Jana mungemuleta, angekuwa muzima."

Hayo waliyasikia wawili tu. Germaine alimtazama Mujinga, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeona nyoka karibu na mguu wake.

Mujinga alilia kwa ajili ya yule mtoto. Alilia waziwazi, kwa sauti, na alipomaliza alikwenda nyumbani kwa miguu.

Kilio cha mtoto aliyezaliwa kimya huwa kidogo. Ni cha wanawake, cha minong'ono, maji ya moto na mkeka mmoja. Kilio hiki, nyumbani kwa Germaine, kilijaa mpaka uani, kwa sababu watu hawakuja kulia, walikuja kutafuta. Na waliokuja kutafuta hawarudi mikono mitupu.

"Alipuliza maji akitembea!" Séraphin alikuwa akisema, na uchungu wake ulikuwa wa kweli, alikuwa amefiwa na mjukuu. "Nani aliona ile? Nani? Roho ingekuwa safi, angesimama. Yeye hana mutoto, hakutaka mutoto ya mwingine!"

Maneno yalifika kwa Kazadi kesho yake, kabla umande haujakauka. Kazadi hakugombana. Alikunja vitambaa vya dada yake, akafunga furushi, akalifunga nyuma ya kinga, baiskeli yake. "Nakupeleka Kabongo, yaya, kwa bajomba. Leo. Kabla bantu bakuye hapa na mawe."

"Baada ya chakula," alisema Mujinga.

"Chakula gani?"

Alikuwa ameshatia unga ndani ya kikapu. Kwa moyo gani, Mujinga? Ninakwenda ili wanione jasiri? Apana. Ili niwaaibishe? Alingoja mpaka lile likapita, na lilichukua muda wake. Kuna wafiwa pale hawajala. Ni hivyo tu. Akajitwika kikapu, akaenda palipokuwa na jina lake jipya.

Alipoingia uani, minong'ono ilikatika kama uzi. Watu walimpisha, wakavuta nguo zao zisimguse. Germaine alikuwa kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa.

"Weye!" Séraphin alisimama. "Unatafuta nini hapa?"

"Natafuta mafiga. Kilio gani haina moto?"

"Muloji!" sauti ya mwanamke ilitoka nyuma. Neno likaruka uani kutoka mdomo hadi mdomo. "Jitete, basi!" Séraphin alipiga kelele, karibu kulia. "Kama haukumuua, sema nani alimuua! Sema!"

Na alikuwa nalo. Msisahau kwamba alikuwa nalo! Neno moja, la kweli, la sista mwenyewe: mulikawia. Lilikuwa limekaa juu ya ulimi kama kaa la moto. Angelitema tu, na jina la uchawi lingeanguka palepale, na uwanja mzima ungegeuka kumtazama mama aliyemngojesha binti yake usiku kucha. Kitanda kingelipwa. Mashine ingelipwa. Na Jeannine angetoka maternite akute kwamba amepoteza mtoto, na sasa amepoteza mama. Pale mkekani Germaine aliinamisha kichwa zaidi, akingoja lianguke.

Kwa moyo gani, Mujinga?

Jembe ni kali, jembe ni la kweli, na mpini umeoza.

Alimeza. Liliunguza kooni kote, likashuka. Na asije mtu akasema alinyamaza kwa woga, kwa maana alinyoosha mgongo, akamtazama Séraphin usoni, akawatazama wote, mmoja mmoja, mpaka wakaanza kutafuta mahali pa kuweka macho.

"Neno yangu nilimaliza njiani," alisema. "Kamina yote ilisikia. Ingine siko nayo. Munataka kuniita muloji, muniite, lakini muniite nikikoroga. Maji inachemuka, haitanigojea."

Akainama, akawasha moto. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyemzuia. Alikoroga kwa mikono miwili, mabega yote ndani ya kazi, jasho likimchirizika shingoni, na ndani yake, ajabu, kulikuwa kimya. Alijua harufu ya unga. Alijua uzito wa mwiko. Alikuwa hapa, mzima mzima, hapa. Kile ambacho walitaka kumnyang'anya kilikuwa bado chake, na angekitumia apendavyo, na leo alipenda kuwalisha.

Akaipakua bukari, moto, imeviringwa vizuri. Akaweka sombe pembeni. Akaweka maji ya kunawa.

Hakuna aliyesogea. Katika nchi ile kila mtu anajua: mkono wa mlozi hauliwi. Anayekula amesema hana shaka, na asiyekula amekwisha kuhukumu. Mvuke ulipanda peke yake. Upande wa barabara, nje ya ua, Kazadi alikuwa amesimama na kinga yake, furushi limefungwa nyuma, mkono mmoja juu ya usukani, tayari.

Mujinga alinawa. Hakuangalia nani anakuja na nani haji. Akakata tonge, akalila, akalionja, lote, mpaka mwisho wake.

Ndipo Germaine alipofunua kichwa.

Alisimama kwa shida, kama mtu anayetoka ndani ya maji. Séraphin alinyoosha mkono kumzuia, akapita chini ya mkono ule. Akanawa. Akakaa mbele ya sahani, akakata tonge, akachovya kwenye sombe, akatia kinywani. Uwanja mzima ulikuwa ukiangalia koo lake. Alitafuna kwa muda mrefu, machozi yakishuka hadi kidevuni, na akameza.

"Chumvi iko kidogo," alisema Germaine.

Nje ya ua, Kazadi aliegemeza kinga kwenye matete.

"Utaongeza weye mwenyewe," alisema Mujinga. Alikuwa bado amesimama, miguu imechoka, mikono inanata unga. Akautazama ule mkeka. "Na sogea. Nataka kukaa."

Germaine akasogea.